USIYAFUKUZE MAJI, YAPE KAZI

Leo nataka kukusimulia kosa langu mwenyewe. Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kuwafundisha wakulima kutunza udongo na maji. Lakini siku moja maji ya uani kwangu yalibomoa jiko la jirani.

Ninaishi katika mji mdogo mkoani Dodoma. Nilipojenga hapa, nyumba zilikuwa chache. Kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na vichaka na majani. Mvua iliponyesha, maji mengi yalizama ardhini. Baadaye watu waliongezeka. Vichaka vilifyekwa. Nyumba za tembe ziliondoka, zikaja nyumba za bati. Barabara ilichongwa na kushindiliwa. Basi kila mvua iliponyesha, maji yalijaa uani kwangu.

Nikachukua jembe. Nikachimba mfereji ulionyooka, kutoka nyuma ya nyumba hadi mpakani. Maji yakatoka mbio, ua wangu ukabaki mkavu. Nilifurahi. Sikujiuliza maji yale yanakwenda wapi.

Usiku mmoja wa mwezi wa Januari ilinyesha mvua kubwa. Alfajiri nilisikia hodi. Alikuwa mzee jirani yangu, anayekaa upande wa bondeni. Mkononi alishika sufuria iliyojaa matope.

"Bwana shamba," alisema, "maji yako yamekuja kulala kwangu."

Nilimfuata. Ukuta wa jiko lake ulikuwa umeanguka. Gunia la mtama lilikuwa limelowa lote. Mkewe alikuwa akizoa matope kwa sinia.

"Nisamehe, mzee," nilisema. "Kosa ni langu."

"Nimekusamehe," alijibu. "Lakini mwezi wa Septemba sisi hununua maji kwa ndoo. Leo maji yametubomolea jiko. Wewe ndiye mtaalamu. Tufanye nini?"

Swali lile lilinifunga mdomo. Ni kweli. Wakati wa mvua tunayafukuza maji. Wakati wa kiangazi tunayatafuta.

KWA NINI MJI HULETA MAFURIKO

Mkoa wetu ni mkavu. Mjini Dodoma hunyesha mvua ya kama milimita 570 kwa mwaka. Karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mara nyingi hunyesha kwa nguvu na kwa muda mfupi.

Udongo wenye majani na mizizi hunywa maji. Bati halinywi. Saruji hainywi. Lami hainywi. Udongo ulioshindiliwa na magari hunywa kidogo sana. Kwa hiyo mji unapokua, mvua ile ile huleta maji mengi zaidi mitaroni. Maji hayo hukimbia, na yanapokimbia huchimba makorongo.

Na miji yetu inakua upesi. Mwaka 2012 mji wa Dodoma ulikuwa na watu 410,956. Mwaka 2022 Jiji la Dodoma lilihesabiwa kuwa na watu 765,179. Vijiji vingi vya kandokando ya barabara navyo vinageuka kuwa miji. Huenda kijiji chako ni kimojawapo.

MVUA KUBWA NDIYO HUJAZA VISIMA

Kwa miaka mingi Jiji la Dodoma limetegemea visima virefu vya Makutupora, kaskazini ya mji. Kina cha maji ya Makutupora kilipimwa kwa miaka 55. Mwaka 2013 wataalamu walitoa matokeo. Waliona kwamba maji ya chini ya ardhi hayaongezeki sawasawa kila mwaka. Miaka mingi hushuka taratibu. Kisha hupanda katika misimu michache ya mvua kubwa sana. Katika miaka yote hiyo, msimu wa mvua za El Niño wa 1997-98 ndio uliopandisha maji kuliko mingine. Maji mengi huzama kupitia mchanga wa mito ya msimu.

Hapa tunapata somo. Mvua kubwa tunayoiogopa ndiyo hiyo hiyo inayotuwekea akiba. Lakini ni lazima ipate nafasi ya kuzama.

Shimo moja la uani haliwezi kujaza visima vya jiji. Hata hivyo hulowesha mizizi ya miti yako, na hupunguza maji yanayomfikia jirani. Nyumba mia zikifanya hivyo, mtaro wa mji hupumua.

Fundisho hili si geni kwetu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973. Ulichimba matuta ya kukinga maji katika milima ya Kondoa, ili maji yaende polepole na udongo usichukuliwe. Mimi nilikuwa nikifundisha matuta shambani, lakini uani kwangu nilisahau.

Mimi na mzee tulianza kwa kujenga upya jiko lake. Kisha tukafanya kazi tatu.

KAZI YA KWANZA: PAA

Maji ya paa ni masafi kuliko maji ya ardhini. Tuanze na hayo.

Pima urefu na upana wa eneo ambalo paa lako limefunika. Tuseme urefu ni mita 10 na upana mita 6. Zidisha: 10 mara 6 ni 60. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya paa hilo, huleta lita 60. Mvua ya milimita 20 huleta lita 1,200. Toa sehemu moja ya tano, kwa maji yanayoruka na kupotea. Zinabaki lita 960. Hizo ni ndoo 48 za lita 20, kwa mvua moja tu!

Kwa mwaka wenye milimita 570, paa hilo huweza kutoa kama lita 27,000. Hizo ni zaidi ya ndoo 1,300.

Tangi la kuweka maji yote hayo ni ghali. Anza na unachokiweza. Pipa la lita 200 ni ndoo 10. Tangi la lita 5,000 ni ndoo 250. Familia inayotumia ndoo 5 kwa siku itakaa nalo siku 50.

Funga gata chini ya bati, na uipe mteremko mdogo kuelekea kwenye tangi. Mvua za kwanza za msimu ziache zioshe paa, zisiingie tangini. Funika tangi vizuri. Weka wavu kwenye matundu ili mbu wasiingie. Maji ya kunywa yachemshe, au uyatie dawa ya maji.

KAZI YA PILI: UA

Tangi likijaa, maji yaende wapi? Hapa ndipo nilipokosea. Sasa nimechimba bonde dogo la kuzamisha maji. Urefu wake ni mita 3, upana mita 2, na kina nusu mita kasoro kidogo, yaani sentimita 40. Linachukua lita 2,400. Hizo ni ndoo 120.

Fuata mambo haya:

1. Chimba mbali na nyumba, mita 3 au zaidi. Maji yakizama karibu na msingi, ukuta utapasuka. Chimba mbali na choo pia.

2. Udongo unaochimbua uweke upande wa bondeni, uwe tuta. Ushindilie.

3. Panga mawe mahali maji yanapoingia, ili yasichimbe.

4. Acha mlango wa kutokea maji, ulio chini kidogo kuliko tuta. Upange mawe. Uelekeze mahali salama, si kwa jirani.

5. Tandaza majani makavu ndani, na panda miti kandokando. Mimi nimepanda mwembe na mpera.

6. Hesabu siku. Maji yazame katika siku 2 au 3. Yakikaa wiki nzima, mbu watazaliana. Kama hayazami, punguza kina na uongeze upana.

7. Weka uzio wa miiba. Mtoto mdogo huweza kuzama hata katika maji machache.

KAZI YA TATU: BARABARA

Maji ya barabarani ni mengi sana, lakini ni machafu. Yana mafuta ya magari, samadi na takataka. Usiyanywe wala kuyapikia. Yape miti, kama vile mikwaju na miti ya kivuli.

Usikate barabara wala kuziba kalavati kwa uamuzi wako. Nenda kwanza kwenye serikali ya kijiji au ya mtaa. Barabara nyingi za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA. Wao wataeleza mahali maji yanapoweza kutolewa bila kuharibu njia.

Tena, anzeni kazi juu, mteremke nayo kuelekea bondeni. Anayeishi chini hawezi kupambana peke yake na maji ya mtaa mzima.

TULIPOFIKIA

Sisi tulianza nyumba mbili, kwangu na kwa mzee. Msimu uliofuata nyumba nne za juu yetu zilichimba pia. Mafuriko hayakwisha. Mvua kubwa sana bado hujaza mabonde yote, na maji hutoka. Lakini sasa hutoka taratibu. Jiko la mzee limesimama, na mwembe wake umevuka kiangazi mara mbili bila kununuliwa maji.

Mvua iliyopita nilipita kwake. Nilimkuta amekaa barazani akiyatazama maji yakijaa bondeni kwake.

"Karibu, bwana shamba," alisema. "Leo maji yako hayakufika. Nina ya kwangu."

JADILIANENI KATIKA KIKUNDI

1. Mvua ikinyesha, maji ya uani kwako hukimbilia wapi?
2. Paa la shule yenu linaweza kutoa ndoo ngapi kwa mvua ya milimita 20?
3. Nani anaishi juu yako, na nani anaishi chini yako? Mtazungumza nao lini?