Mahafali Wakati wa Maradhi

Watoto wa Darasa la Saba wanapokaribia kumaliza masomo yao, hufanyiwa sherehe iitwayo mahafali. Siku hiyo wazazi huja wamevaa nguo nzuri. Watoto huimba na kucheza ngoma. Mgeni rasmi hutoa hotuba na kuwagawia wahitimu vyeti. Kisha watu wote hula pilau pamoja. Ni siku ya furaha, na furaha hiyo ni haki yao, maana miaka saba si michache. Lakini mambo yayo hayo yaifanyayo siku hiyo kuwa njema, yaani watu wengi kukaa pamoja, kushikana mikono, kuimba na kula sinia moja, ndiyo yapendwayo na maradhi ya kuambukiza. Basi ugonjwa ukiingia mjini, walimu na wazazi wafanyeje?

Tutazame Gongo la Mboto. Mahali hapo pako upande wa kusini-magharibi wa Dar es Salaam, katika Ilala, kando ya barabara iendayo Pugu, na Reli ya Kati hupita huko. Zamani palikuwa na mashamba. Siku hizi nyumba zimesongamana, na watu wengi huenda mjini kila siku kufanya kazi na kurudi jioni. Mahali kama hapo ugonjwa wa mtu mmoja hauwi wake peke yake. Ukipanda naye katika basi asubuhi, jioni huweza kulala katika nyumba nyingi.

Jambo la kwanza impasalo mtu atakaye kuandaa mahafali ni kuuliza: ugonjwa huu hupita njia gani? Maana maradhi hayana njia moja. Mwenye kuziba mlango wa mbele huku mwizi akiingia kwa dirisha la nyuma amefanya kazi bure.

Kipindupindu hupita kinywani. Vijidudu vyake hutoka katika choo cha mgonjwa, vikaingia katika maji au chakula, na mtu mwingine akavimeza. Ugonjwa huu si mgeni pwani hii. Mwaka 1869 ulifika Unguja, ukaua maelfu ya watu. Wakati ule wengi duniani walidhani kwamba huletwa na hewa mbaya. Lakini mwaka 1854, mganga mmoja wa London aitwaye John Snow alikuwa ameonyesha kwamba watu waliokufa katika mtaa mmoja walikunywa maji ya pampu moja. Mpini wa pampu ile ukaondolewa, watu wasiweze kuteka tena.

Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, na Kinondoni ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa sana. Kikaenea katika mikoa mingi, kikafika na Zanzibar. Ilipofika Aprili 2016, watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua, na zaidi ya 300 wamekufa. Ugonjwa ulianza karibu na majira ya mahafali yenyewe.

Katika ugonjwa wa namna hii, hatari kubwa ya sherehe iko jikoni. Maji ya kunywa na ya kutengenezea sharubati yapasa kuchemshwa au kutiwa dawa. Barafu isiyojulikana asili yake isinunuliwe. Chakula kiliwe kikingali moto, maana pilau iliyopikwa usiku na kuliwa adhuhuri ya kesho yake huwa imewapa vijidudu nafasi ya kuzaana. Kachumbari na matunda yaliyomenywa mapema yaachwe. Mpishi aliyeharisha siku zile asishike mwiko, hata awe hodari namna gani. Kila mtu anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Desturi ya kunawa wote katika bakuli moja hueneza uchafu badala ya kuuondoa. Ikiwa mambo haya hayawezekani, heri vyeti vitolewe bila karamu.

Ugonjwa wa korona ni wa namna nyingine, maana hupita katika pumzi. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, huko Arusha. Kesho yake serikali ikafunga shule, na hata mbio za Mwenge wa Uhuru zikasimamishwa. Wanafunzi wa Kidato cha Sita walirudi tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni. Darasa la Saba walikuwa wamekosa masomo zaidi ya miezi mitatu, na mtihani wao ulifanyika mwezi wa Oktoba.

Katika ugonjwa wa pumzi, hatari haiko jikoni tu, bali katika mkutano wenyewe. Mtu huweza kumwambukiza mwenzake kabla hajajisikia kuumwa, kwa hiyo haitoshi kusema, “Wagonjwa wasije.” Yafaa sherehe ifanywe nje, chini ya miti au turubai lililo wazi pande zote, wala si katika chumba kilichofungwa. Viti vitengwe, hotuba ziwe fupi, barakoa zivaliwe, na wazee wenye maradhi ya moyo, sukari au kifua waombwe kwa heshima wabaki nyumbani.

Jambo la pili ni hesabu. Chukua mfano wa shule yenye wahitimu 100. Kila mmoja akija na watu 4, mkutano utakuwa wa watu 500. Kila mmoja akija na mzazi mmoja tu, watakuwa 200. Wakigawanywa asubuhi na alasiri, hawatazidi 100 kwa mara moja. Watoto ni wale wale na vyeti ni vile vile, lakini nafasi ya ugonjwa imepungua sana.

Jambo la tatu ni wakati wa kukata shauri. Kamati ya shule isingoje hata mchele umenunuliwa na viti vimekodiwa, maana mtu aliyekwisha kutoa fedha huona vigumu kurudi nyuma. Mwezi mmoja kabla, wamwulize bwana afya hali ya ugonjwa katika kata. Wiki moja kabla, waulize tena. Tangu mwanzo waeleze wazi ni hali gani itakayowafanya waahirishe, na michango ya wazazi itarudishwaje. Hivyo hapana atakayenung’unika kwamba ameonewa au kwamba fedha yake imeliwa.

Jambo la nne ni kujiweka tayari, maana ugonjwa huweza kutokea hata watu wakijihadhari. Mtu akianza kuharisha, apelekwe hospitali upesi. Na njiani anyweshwe maji yenye chumvi na sukari. Kipimo chake ni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Wengi wafao kwa kipindupindu huuawa na kukauka maji mwilini, na kinywaji hiki kimewaokoa watu wengi sana.

Huenda mtoto akalia akiambiwa kwamba mahafali yake yatakuwa madogo, au kwamba yameahirishwa. Asidharauliwe, huzuni yake ni ya kweli, kwani siku hiyo haiji mara mbili. Yafaa aelezwe sababu, tena apewe kazi katika maandalizi: kupima nafasi za viti, kujaza ndoo za maji, kuandika majina ya wageni. Mtoto ajuaye kwa nini jambo limefanywa huvumilia kuliko yule aliyeamriwa tu.

Tena akumbuke kwamba heshima ya mhitimu haimo katika sinia la pilau. Imo katika kusoma, kuandika na kuhesabu alikojifunza kwa miaka saba, na mambo hayo hayaondolewi na sherehe ndogo. Nguo mpya itavaliwa siku nyingine, na ngoma itachezwa mwakani. Bali bibi aliyeambukizwa katika karamu ya mjukuu wake huenda asiione karamu nyingine. Ndiyo maana wazee husema: tahadhari kabla ya hatari.