Dawa Isiyoua Tena

Mkulima wa Nyahanga apaliliapo mpunga wake hung'oa magugu yote ayatambuayo. Lakini yako magugu ambayo yakiwa machanga hufanana mno na mpunga, nayo huponyoka. Hayo hukua na kumwaga mbegu, na mwaka ufuatao huwa mengi kuliko kwanza. Je, jembe limeyafundisha kufanana na mpunga? Sivyo. Limeondoa yasiyofanana, likayaachia nafasi yafananayo.

Ndivyo ilivyo kwa vijidudu viitwavyo bakteria, ambavyo baadhi yake huleta maradhi. Vijidudu hivi huongezeka kwa kugawanyika: kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne. Vipatapo chakula na joto la kutosha, vingine hugawanyika kila dakika 20. Kabla ya kugawanyika, kijidudu hunakili urithi wa maumbile yake, na katika kunakili huko mara chache hutokea kosa dogo. Makosa mengi hayana faida. Lakini moja laweza kukipa kijidudu nguvu ya kustahimili dawa. Tena, vijidudu huweza kupeana nguvu hiyo. Dawa ikija, vilivyo dhaifu hufa; kilicho imara hubaki, hukuta nafasi tele, na kuzaa jamii nzima iliyo imara kama chenyewe.

Jambo hili lilionekana katika nchi yetu ya Tanzania. Mwaka 1977 kipindupindu kilizuka, na hapo mwanzo dawa iitwayo tetrasaiklini iliviua vijidudu vyake. Basi ikatolewa kwa wingi, si kwa wagonjwa tu, bali hata kwa wenye afya ili wasiugue. Baada ya miezi mitano, katika kila sampuli 100 za vijidudu zilizopimwa, 76 zilikuwa za vijidudu vilivyostahimili dawa hiyo. Dawa ilikuwa ile ile. Vijidudu ndivyo vilivyobadilika. Ni heri kwamba uhai wa mgonjwa wa kipindupindu huokolewa hasa kwa kumrudishia upesi maji na chumvi alivyopoteza.

Tetrasaiklini ni moja katika dawa ziitwazo antibiotiki. Dawa hizi haziponyi mafua, kwa kuwa mafua hayaletwi na bakteria. Basi msizimeze pasipo agizo la daktari, wala msitumie masalio ya mwenzenu. Mwenye kuzitumia ovyo huvipalilia vijidudu vikaidi, navyo vikienea humdhuru hata jirani asiyewahi kuonja kidonge.