Kompyuta ikikwama katika kujirejesha, okoa nyaraka kwanza

KWA miaka mingi mji wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012, ulitegemea jenereta za dizeli, nje ya gridi ya Taifa. Wenye kompyuta za mapajani mjini humo wanajua adha ya umeme kukatika ghafla. Ukikatika wakati kompyuta inajirejesha katika hali ya kiwandani, na betri ikiwa imechoka, mfumo huachwa nusu umefutwa, nusu umeandikwa.

Wengi hurudia kazi hiyo mara tatu, mara nne. Si busara. Nakala ya kurejeshea mfumo kwa kawaida hukaa katika diski ileile inayotiliwa shaka. Kompyuta ikikwama kila mara kwenye asilimia ileile, shuku diski au nakala yenyewe. Ikizimika ovyo, angalia chaja, betri na joto.

Kabla ya jaribio jingine, fundi aitoe diski na kunakili nyaraka kupitia kompyuta nyingine. Windows hupatikana tena. Alama za wanafunzi na hesabu za wakulima wa tumbaku hazipatikani. Diski iliyofungwa kwa BitLocker itadai ufunguo wa tarakimu 48.

Diski ikipimwa na kuonekana nzima, chomoa printa na vifaa vingine, kisha tumia flashi ya GB 8 au zaidi iliyoandaliwa kwenye kompyuta nyingine. Kupakua mfumo moja kwa moja kutoka intaneti kunaweza kumeza zaidi ya GB 4, yaani bando zima la mtu.