Shamba Halikai Eda

Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume, eda yake ni miezi minne na siku kumi, kama ilivyotajwa katika Suratul Baqara. Mahindi ya masika nayo, tangu mbegu inapofukiwa hadi gunzi linapokaukia kwenye bua, huchukua muda unaokaribiana na huo. Waliokulia vijiji vya Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, wameziona hesabu hizi mbili zikienda sambamba katika nyumba nyingi. Mwanamke yuko ndani, shamba liko nje, na mvua haimsubiri mtu amalize kulia.

Mwaka 2019 hesabu hizo zilianza kwetu. Baba alifariki mwanzoni mwa Machi, Rajabu ikiwa ndiyo kwanza imeandama. Kaskazi ilikuwa inamalizikia, jua kali, udongo umekauka hadi chini. Kaburi lilichimbwa kwa sururu. Vijana walipokezana kila baada ya muda mfupi kwa sababu ardhi ile haikuvumilika, na kila aliyepanda kutoka shimoni alikuwa na malengelenge viganjani. Nayakumbuka malengelenge yale kuliko maneno mengi ya pole niliyoambiwa siku ile.

Mama akaingia edani. Hapaki wanja wala hina, hajifukizi udi, havai nguo za mapambo, hachumbiwi, na hatoki nyumbani ila kwa haja. Hayo ndiyo ya dini. Mila za pwani zimeongeza yake: kizuka, yaani mwanamke aliye edani, asijitazame kwenye kioo, asisikike sauti na wanaume, asilale peke yake. Masheikh wamekuwa wakieleza kwamba nyongeza hizi hazina msingi katika sharia, nami nakubaliana nao, ila ile ya kutolala peke yake naiona ina busara kubwa. Kwetu iliwaleta wanawake wawili kila usiku, mmoja wao akiwa amewahi kukaa eda mwenyewe. Walitandika mikeka chumba kimoja na mama. Hawakumhubiria subira. Walizungumza bei ya nazi, binti wa fulani aliyechumbiwa Korogwe, kuku aliyeibwa, mpaka usingizi uwachukue mmoja mmoja.

Masika ya pwani ya kaskazini hutarajiwa kati ya Machi na Mei. Jua likivuka ikweta kuelekea kaskazini, ukanda wa mvua hulifuata. Upepo wa kaskazi hulegea, maleleji hupita, kisha kusi huingia ikibeba unyevu wa bahari. Mwaka ule mambo yalikwenda kombo. Katikati ya Machi kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, kikaua mamia ya watu, na wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kwamba kilivuta kusini unyevu ambao ungetufikia sisi. Beira watu walikuwa juu ya mapaa na miti, maji yamewazunguka. Muheza tulikuwa tunatazama mawingu meupe yakipita juu bila kushuka. Kila aliyeingia kumpa mama pole aliulizwa kama ameona wingu upande wa mlimani. Tangu mazishi, hilo lilikuwa swali lake la kwanza ambalo halikumhusu marehemu.

Mvua ilishika Aprili ikiwa imeshasogea. Ilikuja usiku, nzito, na asubuhi harufu ya udongo ilijaa hadi chumbani mwa mama.

Shamba letu la mahindi ni ekari mbili. Baba alikuwa mtu wa michungwa. Mahindi yalikuwa kazi ya mama tangu nikiwa mdogo, na jembe lake lilikuwa na mpini mfupi ambao hakuna mwingine aliyeupenda. Nilikuwa nimekuja kutoka Dar es Salaam, nikawa nakaa uani na kalamu, najumlisha gharama za vibarua. Jirani yetu, bibi aliyemzidi mama umri kwa miaka mingi, aliingia akanikuta katika hali hiyo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza ninaandika nini. Nilipomweleza alinitazama kwa muda.

"Mwanangu, anayekaa eda ni mama yako. Shamba halikai eda. Na hao vibarua ni wa nini, kwani sisi tumekufa?"

Siku ya pili yake, baada ya sala ya alfajiri, watu walikuwa wanashuka kijia cha kuelekea shambani na majembe begani. Hapakuwa na mbiu. Kwa kawaida anayeita msaragambo, yaani kazi ya kusaidiana, ndiye anayepika, na ubora wa ugali wake na mboga yake huzungumzwa mwaka mzima. Safari hii kila mtu alikuja na chake: aliyeleta mihogo, aliyeleta maharage, aliyeleta sufuria tupu kwa kuwa alijua zitapungua. Walikuwamo Wakristo wa upande wa pili wa kijiji, ambao baba alikuwa akienda kwao kwenye misiba na kukaa hadi jioni. Walikuwamo pia watu wawili ambao hawakuwa wakisemeshana na baba kwa sababu ya ugomvi wa zamani wa mpaka. Walilima kimya, wakaondoka bila kusubiri chai. Kesho yake walirudi.

Wakati wa kupanda kulizuka ubishi. Kamba ilivutwa, mistari ikapimwa sentimita 75 kama tulivyofundishwa na mabwana shamba, lakini kijana mmoja aliyesomea kilimo alitaka mbegu moja kila sentimita 30. Wazee wakasema mwenye shamba yupo, aulizwe. Mtoto akatumwa mbio nyumbani. Mama, akiwa nyuma ya pazia, akajibu: sentimita 60, mbegu mbili mbili, "moja ikiliwa na panya, shimo lisibaki tupu." Akauliza pia ni mbegu gani. Akaambiwa ni Staha, ile iliyotoka kituo cha utafiti cha Ilonga kule Kilosa, inayostahimili ugonjwa wa milia. Akaridhika. Mtoto akarudi na jibu, na ubishi ukaisha.

Ningeweza kuandika makala nzima kuhusu safari za mtoto yule. Kuanzia siku hiyo hadi Julai, shamba lilikuwa linaletwa nyumbani kwa maneno na kwa viganja. Mara mche uliong'oka, mara gugu lisilojulikana, mara udongo wa bondeni ili mama aufinye aone kama maji yamezidi. Siku moja likaletwa jani lenye matundu yaliyopangana. Mama aliligeuza mara moja tu. Kiwavijeshi vamizi, mdudu huyu aliyeingia Tanzania mwaka 2017 akitokea Amerika kupitia nchi nyingine za Afrika, hujificha ndani kabisa ya mche, pale majani machanga yanapochipukia, na dawa inayopulizwa juu juu haimfikii. Mama akaagiza watu waende asubuhi na mapema, wakague mche mmoja mmoja, wampondeponde watakayemwona na watie majivu makavu katikati. Walikwenda. Walikagua ekari zote mbili, mche mmoja mmoja.

Hapo ndipo nilipoanza kumwona mama akirudi. Wiki za kwanza alikuwa akila kwa kulazimishwa, akijibu kwa kichwa. Sasa alikuwa ana hasira na viwavi. Alimkaripia mtoto kwa kuchelewesha habari. Wale majirani wangeweza kuamua kila kitu wenyewe, maana wote ni wakulima na kiwavi walikuwa wanamjua vizuri. Naamini walituma mtoto makusudi. Walimlimia kizuka, lakini uamuzi wa shamba walimwachia mwenyewe, na kwa mtu aliyepoteza mume wa ujana wake naona hicho ndicho kilichomtoa kitandani kila asubuhi.

Ramadhani ikaandama mwanzoni mwa Mei, palizi ikiwa imefika. Kupalilia mahindi ukiwa umefunga si jambo la kusimulia kirahisi. Walianza baada ya alfajiri wakaacha saa nne, jua lisije likawakausha. Mama alisema sasa ni zamu yake. Eda haimkatazi mwanamke kupika, kwa hiyo alipika: magimbi ya nazi, uji wa pilipili manga, tambi. Jioni futari ilitoka kwetu ikaenda nyumba kwa nyumba kwa wale waliokuwa shambani, Wakristo nao hawakurukwa. Kabla ya hapo sikuwa nimemsikia akiimba tangu Februari. Siku moja alikuwa anakuna nazi na anaimba chini chini, kisha akakumbuka, akanyamaza, akaendelea kukuna.

Dar es Salaam, ninakoishi, tunazikana kwa bidii kubwa kwa siku tatu. Sitaki kuvidharau vyama vya kufa na kuzikana. Vimezika watu wengi kwa heshima ambao wangezikwa kwa tabu. Turubai hufungwa usiku uleule, viti na masufuria hufika, mweka hazina husoma michango, na gari la kubeba maiti hulipwa. Siku ya tatu ikisomwa hitma, pilau likaliwa, turubai hufunguliwa. Kikundi cha simu kilichokuwa kinalia mchana na usiku hunyamaza mpaka msiba mwingine. Mjane anabaki na miezi minne mbele yake, na ni katika miezi hiyo ndipo kodi ya nyumba inadaiwa, ada inadaiwa, hati ya kifo inatafutwa, na shauri la mirathi linatakiwa kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Mambo hayo yote yanataka mtu wa kutoka nyumbani, na yeye hatoki ila kwa haja.

Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, Mtume aliwaagiza watu waipikie familia yake chakula, kwa sababu imefikwa na jambo la kuishughulisha. Agizo ni hilo. Sisi tumeligeuza: wafiwa ndio wanaolisha umati, tena kwa mikopo. Ningependa kuona chama kimoja, kimoja tu kwa kuanzia, kikiamua kwamba sehemu ya ubani haitolewi siku ya mazishi bali inagawanywa kwa miezi ya eda, na kwamba watu wawili wanateuliwa kwa majina kufuatilia makaratasi ya mjane. Gharama yake haitazidi ile ya pilau.

Kuna jambo jingine ambalo lilinijia baadaye. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, na katika mirathi ya Kiislamu mjane aliyeachwa na watoto ana fungu lake, thumni, linalojulikana. Hata hivyo ni nani asiyejua kisa cha mjane aliyetoka edani akakuta mpaka wa shamba lake umesogezwa na shemeji, au mihogo ya mtu mwingine imeota alipokuwa akilima yeye? Shamba lililokaa masika yote bila jembe huanza kuonekana kama halina mwenyewe. La kwetu lililimwa na nusu ya kijiji. Mistari yake ilivutwa mbele ya macho ya watu zaidi ya arobaini, wakiwamo wale wawili wa ugomvi wa mpaka, ambao safari hii walipanda hadi kwenye mstari wetu na hawakuuvuka. Ulipofika wakati wa kugawa mirathi, hapakuwa na wa kubisha shamba linaishia wapi.

Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfunguo Mosi, kisha siku kumi za Mfunguo Pili. Eda ilikwisha katikati ya Julai. Wanawake walikuja tangu usiku, wakamwogesha, wakamvisha nguo mpya ambazo walichangiana bila kutuambia sisi watoto, wakamtia manukato. Kulikuwa na dua, na kulikuwa na kilio kilichozidi cha siku ya mazishi, maana sasa ilikuwa wazi kwamba baba hayumo hata katika desturi za kumlilia.

Asubuhi iliyofuata mama alikwenda shambani. Kwa kuwa mvua zilichelewa, mahindi yalikuwa bado mabichi, nywele zake ndiyo kwanza zinaanza kukauka. Alipita mstari kwa mstari kama mkaguzi. Akakuta pembe moja haikupaliliwa vizuri, akalalamika kwa sauti, na waliokuwapo wakacheka kwa furaha. Wiki hiyohiyo wanunuzi wa machungwa walifika na malori, kama wafanyavyo kila msimu, wengine wakitoka Kenya. Miaka yote baba ndiye aliyepatana nao. Mama alikaa nao chini ya mti, akakataa bei ya kwanza, akakataa ya pili. Ya tatu aliikubali, na haikuwa mbaya.

Masika yaliyofuata, ya 2020, yalikuja pamoja na korona. Mwezi Machi ugonjwa ulithibitishwa nchini, na watu wakawa wanaogopa kukaa jamvi moja. Katikati ya hofu hiyo mwanamume mmoja wa kijijini, fundi baiskeli, alifariki kwa maradhi yake ya siku nyingi, akaacha mke na watoto wadogo. Msiba wake ulikuwa mdogo, watu walisimama mbali wakaondoka mapema. Nilimpigia mama simu kumwomba asiende popote, umri wake nao ulinitia wasiwasi. Aliniambia ameshatoka shambani kwa mjane yule, kwamba shambani watu husimama mbalimbali hata bila kuambiwa, na kwamba kesho wanapanda.