Maji Salama Hupotelea Mtungini

Mwaka 1952 na 1953 homa isiyojulikana ilizuka kwenye uwanda wa Makonde, katika vijiji vya Newala na Masasi. Watu walipandwa na joto ghafla, viungo vikawauma hadi wakashindwa kunyooka, na wengine waliendelea kulalamikia magoti na vifundo vya miguu kwa miezi. Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa. W. H. R. Lumsden, mtafiti wa virusi kutoka Entebbe, alifuatilia namna ugonjwa ulivyosambaa, na R. W. Ross akakitenga kirusi chenyewe maabara. Leo ugonjwa huo unajulikana dunia nzima kwa jina lake la Kimakonde, chikungunya.

Ninachotaka msomaji akishike katika habari hiyo ni mahali mbu walioueneza ugonjwa huo walikozaliwa. Juu ya uwanda hakuna bwawa wala mto wa kutajwa. Mbu aina ya Aedes aegypti walizaliana ndani ya nyumba, kwenye vyombo ambamo watu walihifadhi maji ya kunywa. Maji yale yaliletwa kwa jasho kutoka mbali, yakatunzwa siku nyingi kwa sababu yalikuwa haba, na kule kutunzwa ndiko kulikofuga ugonjwa.

Mafundisho mengi ya maji salama wakati wa dharura huishia kwenye sufuria inayochemka. Kwa mtu wa Chiwata, huko Masasi, hapo ni nusu ya safari. Nusu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hatari zaidi, huanza pale maji yaliyokwisha kutibiwa yanapomiminwa kwenye ndoo na kuwekwa pembeni.

Tuanze na ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya uwanda ni mchanga unaopitisha maji upesi. Mvua ikinyesha, maji huzama chini sana, yakaja kutokeza kama chemchemi kwenye miguu ya miteremko. Ndiyo maana Masasi na Nachingwea zinanyweshwa na chemchemi za Mbwinji, na maji ya Newala na Tandahimba husukumwa kwa pampu kutoka Mitema, katika bonde la Kitangari. Anayeishi juu hupata maji kwa njia tatu: pampu, bati la nyumba yake, au miguu yake. Kwa hiyo dharura huku huja kwa sura mbili. Umeme ukikatika au mtambo ukiharibika, bomba hukauka na watu hurudi kwenye visima vya mabondeni na madumu ya kuuziwa. Mvua ikizidi, vinyesi na takataka husombwa hadi kwenye visima hivyo hivyo.

Sura hii ya pili tuliiona kwa jirani. Kimbunga Kenneth kilitishia Mtwara na Lindi, kisha tarehe 25 Aprili 2019 kikatua Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mwanzoni mwa Mei kipindupindu kilikuwa kimekwisha kutangazwa katika mji wa Pemba, Msumbiji. Hazikupita wiki mbili. Mtu anayesubiri mgonjwa wa kwanza ndipo aanze kutafuta dawa ya maji amekwisha kuchelewa.

Sasa hesabu ambayo watu wengi hawaifanyi, wakaona kutibu maji ni mzigo usiobebeka. Si lazima utibu maji ya kufulia wala ya kumwagilia. Yanayohitaji kutibiwa ni ya kunywa, ya kupikia, ya kuoshea matunda na mboga zinazoliwa mbichi, na ya kupigia mswaki. Maji ya kunywa peke yake ni kama lita 3 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu sita ni lita 18, yaani karibu dumu moja la lita 20. Dumu moja la kunywa kila siku, lenye alama yake ili lisichanganywe na mengine, kaya yoyote inaliweza.

Maji yakiwa na tope, usikimbilie dawa. Tope hula klorini na huwapa vijidudu pa kujificha. Yaache yatuame usiku kucha, asubuhi yamimine taratibu kwenye chombo kingine ukiacha mashapo chini, kisha uyachuje kwa kitambaa. Hapa kanga kuukuu ina kazi kubwa. Huko Bangladesh, Rita Colwell na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Sari kuukuu ilifaa kuliko mpya kwa kuwa nyuzi zilizofuliwa mara nyingi huchambuka na kuziba matundu, zikanasa viumbe wadogo wa majini ambao vimelea vya kipindupindu hujishikiza kwao. Kanga yako iliyopauka, ikiwa safi, ikunje vivyo hivyo. Ukimaliza ifue na uianike juani. Mbegu za mlonge zilizotwangwa nazo hukusanya tope likazama, jambo ambalo wanawake wa kando ya Nile nchini Sudan wamelijua kwa muda mrefu. Lakini yote haya ni kusafisha, bado si kuua. Maji meupe kama kioo yanaweza kumlaza mtoto hospitali.

Kuua vijidudu ni kwa moto, klorini au jua.

Moto hauna mpinzani kwa uhakika. Maji yakitokota kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda, hesabu dakika moja kamili. Uwanda wetu uko chini sana ya mita 2,000, kimo ambacho kuanzia hapo hutakiwa dakika tatu. Kuchemsha robo saa ni kupoteza kuni. Moto huua hata vimelea ambavyo klorini haiviwezi, kwa hiyo maji ya mtoto mchanga na ya mgonjwa aliyedhoofika ni bora yachemshwe. Yaache yapoe ndani ya sufuria ile ile, mfuniko juu. Kasoro za moto ni mbili: unakula kuni, na hauachi mlinzi nyuma yake. Kidole kimoja kichafu kikiingia kwenye maji yaliyochemshwa, maji hayo hayana kinga yoyote.

Klorini hubaki. Ndiyo sababu kwa kaya ya Chiwata wakati wa dharura naipa nafasi ya kwanza. Vidonge vya kutibu maji kama WaterGuard na Aquatabs huuzwa maduka ya dawa; soma pakiti, maana vipo vya ujazo tofauti, na kinachoandikwa lita 20 ndicho cha dumu lako. Vikikosekana, jiki ya kufulia nguo nyeupe inafaa, mradi isiwe na manukato wala rangi, na isiwe imekaa mwaka kwenye dirisha lenye jua. Angalia nguvu yake kwenye lebo. Ikiwa ni asilimia 5, weka matone 2 kwa kila lita, yaani mililita 2 kwa dumu la lita 20. Ikiwa asilimia 3.5, weka matone 3 kwa lita, mililita 3 kwa dumu. Bomba la sindano lisilo na sindano, jipya, hupima vizuri kuliko kijiko. Maji yaliyobaki na ukungu hata baada ya kuchujwa yape dozi mara mbili. Tikisa, funika, subiri dakika 30. Yakiwa na harufu nyepesi ya dawa, dawa bado ipo kazini. Yasiponuka kabisa, rudia dozi ile ile na usubiri tena. Shirika la Afya Duniani linataka baada ya nusu saa ibaki angalau miligramu 0.5 ya klorini kwa lita, na mabaki hayo ndiyo yanayopambana na kidole kile kichafu.

Jua ni la asiye na kuni wala dawa. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ijazwe maji maangavu na kulazwa juu ya bati kwa saa 6 za jua kali, au siku mbili mfululizo mawingu yakitanda. Kuna kipimo rahisi cha uangavu: simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti, chungulia kupitia mdomo wake, ukisoma herufi za kichwa cha habari, maji yanafaa. Siku za mvua mfululizo njia hii haitegemeki.

Kuna uchafu ambao njia hizi zote tatu haziuwezi. Masasi na Newala ni nchi ya korosho, na kila kiangazi mikorosho hupuliziwa salfa na viuatilifu vya kuzuia ubwiri unga. Vumbi hilo hutua pia juu ya mabati. Kuchemsha hakutoi sumu, na maji yakipungua jikoni sumu huzidi kukolea. Kwa hiyo mvua za kwanza za msimu ziache zioshe bati zimwagike, ndipo uelekeze mfereji kwenye tangi. Na dumu lililowahi kubeba kiuatilifu lisibebe maji ya kunywa kamwe, hata lioshwe vipi. Litoboe ili asije mtu akaliokota.

Sasa tufike kwenye chombo. Dumu lenye mdomo mwembamba ni bora kuliko ndoo, kwa sababu mkono hauingii. Lakini ndani yake huota utelezi wa kijani usiofikika kwa kitambaa. Tia konzi moja ya mchanga msafi au kokoto ndogo, maji kidogo na sabuni, funga, litikise kwa nguvu huku ukiligeuza pande zote, kisha suuza mpaka povu liishe. Kama una ndoo, tafuta yenye mfuniko na koki. Kama una mtungi, weka kata yenye mpini mrefu, itundikwe ukutani na isilazwe sakafuni, na achote mtu mmoja mzima kwa ajili ya wengine. Kikombe kinachozamishwa na kila apitaye ndicho kinachofuta kazi yote ya asubuhi.

Kukaa kwa maji kuna faida na hasara zake. Maji ya bondeni yakikaa siku mbili bila konokono ndani, viluwiluwi vya kichocho hufa. Yakikaa wiki moja hadi siku kumi bila kufunikwa, mbu mpya huruka kutoka humo. Na mbu huyu wa chikungunya hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji hakutoshi. Kila wiki chombo kisuguliwe kuta zake kwa brashi au gunzi, hasa ule mstari maji yanapofikia. Simtanki kubwa lisilosugulika lifunikwe na kufungwa kitambaa cha wavu mdomoni. Kisiwa cha Lamu, Kenya, kilipata funzo hili mwaka 2004: ukame ulibana, watu wakahifadhi maji majumbani, chikungunya ikashika takriban robo tatu ya wakazi wa kisiwa. Mwaka uliofuata ilikuwa Komoro, na baadaye ikavuka hadi India.

Mtu akianza kuharisha maji maji, usimnyime kunywa. Lita moja ya maji yaliyotibiwa, vijiko 6 vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anyweshwe kidogo kidogo wakati anapelekwa zahanati, na mwenyekiti wa kitongoji aarifiwe siku hiyo hiyo.

Mvua za kusini huanza mwishoni mwa mwaka, msimu wa mnada wa korosho, fedha zinapokuwa mkononi. Mzee wa kaya, mama wa nyumba, kabla fedha hiyo haijapata kazi nyingine nunueni vidonge vya kutibu dumu moja kwa siku kwa mwezi mzima, na ndoo moja yenye mfuniko na koki.