Walioamua Mambo ya Ngara Hawakupigiwa Kura Ngara

Mtu akisimama Rusumo, katika Wilaya ya Ngara, huona maji ya Ruvubu na ya Nyabarongo yamekwisha kuungana kuwa mto mmoja, Kagera, na ng'ambo ya pili huiona Rwanda. Burundi nayo haiko mbali, na mzee wa Bugufi akikutana na mzee wa huko husemezana naye bila mkalimani. Mipaka iliyowatenga wazee hawa iliamuliwa na mabwana wa Ulaya, na katika miaka ya kati ya vita kuu mbili iliyobaki ni kujadili mambo yao London na Brussels, katika mabaraza ambamo hapana mtu mmoja wa Ngara wala wa Biharamulo aliyepata kupiga kura.

Hapa kwetu watu walizoea kuliita Baraza la Makabwela lile baraza la chini la Bunge la Uingereza, ili kulipambanua na Baraza la Malodi. Jina hilo lina kichekesho chake. Wapo waliokaa humo waliotoka katika kazi za mikono kweli, lakini wengi walikuwa watoto wa matajiri na wenye mashamba, na wengine walikuwa wakingoja tu baba zao wafe wapande kwa Malodi.

Tuanze na mpaka wenyewe. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliwafukuza Wajerumani kutoka Biharamulo, na mwaka 1921 Wabelgiji nao wakawaachia Waingereza. Mwenyeji mmoja, bila kuhama nyumbani kwake, alipata mabwana watatu katika muda wa miaka mitano. Wakati huo Lodi Milner wa Uingereza na Bwana Orts wa Ubelgiji walikuwa wamekwisha kupatana, Mei 1919, kwamba Rwanda na Burundi ziende kwa Wabelgiji na Tanganyika iende kwa Waingereza. Milner alitaka pia nchi ya Gisaka, magharibi ya Kagera, kwa sababu ya ndoto ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo. Mfalme Musinga wa Rwanda alilalamika, na wamisionari wakalalamika pamoja naye, hata Gisaka ikarudishwa mwanzoni mwa 1924. Bugufi, ambayo Mwami wa Burundi aliihesabu kuwa yake, ilibaki upande wa Tanganyika. Reli haikupita Gisaka wala Bugufi.

Katika mwaka huo wa 1924 mabaraza mawili yalishughulika na habari zetu. Brussels, sheria ya Oktoba iliidhinisha udhamini wa Rwanda na Burundi, na sheria nyingine ya Agosti 1925 ikaziunganisha nchi hizo na Kongo katika utawala. London, Sir Sydney Henn, Mbunge wa Blackburn, alikwisha kuleta hoja mwezi wa Aprili kwamba mambo ya Afrika Mashariki yachunguzwe. Waziri wa Makoloni wakati huo alikuwa J. H. Thomas wa chama cha Leba, mtu aliyeanza maisha kwa kusafisha injini za treni akapanda hadi kuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli. Huyo ndiye aliyetuma tume. Mfanyakazi mwenzetu aweza kuuliza, je, mtu wa namna hiyo alipokalia kiti cha Waziri aliwatazama makuli wa Tanganyika kama wenzake? Kodi ilibaki pale pale, na vijana wa Bugufi waliendelea kutembea kwa miguu kwenda Buganda na Bukoba kutafuta fedha ya kuilipa.

Tume hiyo ilikuwa ya Wabunge watatu, mmoja wa kila chama: William Ormsby-Gore, Mhafidhina wa Stafford na mrithi wa ulodi, Meja Archibald Church wa Leba, kutoka Leyton, na F. C. Linfield, Mliberali wa Bedfordshire. Walipokuwa wangali safarini Afrika, uchaguzi mkuu ulifanyika kwao, Oktoba 29, 1924. Church na Linfield walivipoteza viti vyao. Serikali ya Leba ilianguka, Thomas akatoka, na Leo Amery akashika Wizara, mtu aliyeshikilia kwamba Tanganyika ni sehemu ya Dola ya Waingereza daima dawamu.

Yafaa kusimama kidogo hapo. Fundi na karani wa Leyton, ambao wanaume wote wa namna yao walikwisha kupata kura mwaka 1918, waliweza kumwondoa Meja Church kwa karatasi moja. Taarifa aliyoiandika pamoja na wenziwe ilitoka mwaka 1925 ikiwahusu mamilioni ya watu, na miongoni mwa watu hao hapana aliyeweza kumwondoa yeyote. Taarifa ilishauri mkopo wa pauni milioni 10 kwa reli na bandari. Reli ya Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Biharamulo iliendelea kubeba mizigo kichwani. Baraza la kutunga sheria la Dar es Salaam nalo, lililoanza mwaka 1926, halikuwa na Mwafrika hata mmoja.

Mara moja tu katika miaka hiyo sauti ya pande zetu ilisikika ndani ya Bunge la London. Mwaka 1931 Kamati ya pamoja ya Malodi na Makabwela ilichunguza shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Kutoka Tanganyika waliitwa mashahidi watatu Waafrika: Martin Kayamba, Chifu Makwaia wa Usiha, na Francis Lwamgira wa Bukoba, jirani wa Biharamulo. Walipinga. Walijua jinsi masetla walivyochukua ardhi Kenya, na walikijua kipande. Kamati ikasema muungano haufai kwa wakati ule. Hatuwezi kusema ni maneno ya watatu hao peke yao yaliyoshinda, kwani Gavana Cameron naye alikuwa ameupinga. Lakini yalisemwa, na yaliandikwa.

Hatari kubwa zaidi ilikuja kimya kimya. Katika miaka ya 1930 wakulima wa Bugufi walikuwa wameanza kuuza kahawa yao kwa chama chao cha ushirika. Machi 1938 Waziri Mkuu Chamberlain, Mbunge wa Edgbaston, alimtuma balozi wake kwa Hitler na shauri la siri la kuzigawa upya nchi za Afrika ya Kati, ili Ujerumani ipate sehemu. Tanganyika yetu ilikuwa ndani ya eneo lililotajwa. Hitler hakuonyesha haja kubwa, na kwa hiyo tu shauri likalala. Mkulima aliyekuwa akianika kahawa hakuambiwa kwamba aliwekwa mezani.

Mwaka 1945 Kidaha, mwana wa yule Makwaia, alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza katika Baraza la Dar es Salaam, lakini viti vyao vilikuwa vya kuteuliwa na Gavana. Uchaguzi wa kwanza wa Bunge kwa kura ya kila raia mtu mzima ulifanyika Septemba 1965. Watu wa Ngara na Biharamulo walipanga mistari kama wenzao, na huko Mwanza wapiga kura walimwangusha hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, kama Leyton ilivyomwangusha Meja Church.