Chumba cha Mwaka wa Kwanza: Mwanafunzi Mwenye Maradhi Sugu Aishi Wapi?

Kila mwaka, kati ya mwezi wa Oktoba na Novemba, maelfu ya vijana waliomaliza kidato cha sita huwasili katika miji yenye vyuo vikuu wakiwa na begi, ndoo na barua ya udahili. Kufikia siku hiyo familia huwa imekwisha kujadili kwa kina kozi, ada na mkopo. Suala la malazi aghalabu huachwa hadi mwisho, na mwamuzi wake huwa dalali au rafiki aliyetangulia chuoni. Kwa kijana mwenye afya njema, uamuzi mbaya wa namna hii humgharimu fedha na usingizi. Kwa kijana mwenye selimundu, kisukari, kifafa au pumu, au anayeishi na virusi vya UKIMWI, uamuzi huohuo waweza kumfikisha wodini kabla ya mitihani ya muhula wa kwanza.

Sababu yake haiko mbali. Nyumbani, maradhi yake yalikuwa na walinzi wengi: mama aliyehesabu vidonge, kaka aliyejua dalili za sukari kushuka, muuguzi wa kliniki aliyemfahamu tangu akiwa mtoto, na katika shule ya bweni, matroni mwenye ufunguo wa chumba cha wagonjwa. Walinzi hao wote hubaki nyuma kwa safari moja ya basi. Mara nyingi ni katika mwaka huohuo anapohamishwa kutoka kliniki ya watoto kwenda kliniki ya watu wazima, ambako hakuna anayemjua kwa jina. Basi chumba atakachochagua ndicho kitakachoamua nani atakuwapo saa nane za usiku maumivu yatakapoanza, maji yatapatikana wapi, dawa itahifadhiwa vipi, na hospitali itafikiwa kwa usafiri gani. Hata hivyo, katika kliniki nyingi kijana huulizwa kuhusu dozi na tarehe ya kurudi, lakini haulizwi ataishi wapi.

Hosteli, chumba cha kupanga, au kwa ndugu

Njia zilizopo ni tatu. Ya kwanza ni hosteli ya chuo. Nafasi zake hazijawahi kutosha: hosteli kubwa zilizofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2017 zilijengwa kuchukua wanafunzi 3,840, nazo zilipunguza uhaba bila kuumaliza. Kwa sababu hiyo vyuo vingi huwatanguliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wenye ulemavu na wenye maradhi yanayothibitishwa na daktari. Njia ya pili ni chumba cha kupanga mtaani, ambacho wanafunzi hukiita geto. Ya tatu ni kukaa kwa ndugu: mjomba, shangazi, au dada aliyeolewa mjini.

Faida kubwa ya hosteli kwa mgonjwa ni kwamba kuna mtu wa kumsikia. Mwenye kifafa akianguka, mwenye kisukari akianza kutokwa jasho na kuzungumza maneno yasiyoeleweka, au mwenye pumu akishindwa kumaliza sentensi, kuna mwenzake umbali wa hatua mbili. Faida hiyo peke yake huzidi kasoro nyingi. Lakini yafaa kasoro zenyewe zitajwe. Mwenye kifafa asipande kitanda cha juu katika vitanda vya ghorofa; aombe cha chini siku ya kwanza, kabla majina hayajabandikwa mlangoni. Asioge akiwa amejifungia kwa komeo la ndani, na asipike peke yake kwenye moto ulio wazi. Tena kukesha ni miongoni mwa vichocheo vikuu vya degedege, na hosteli wakati wa mitihani ni mahali pa kukesha.

Kasoro ya pili ni msongamano. Utaratibu unaojulikana kama kubebana, yaani mwenye nafasi kumwingiza mwenzake asiye nayo, hugeuza chumba cha watu wanne kuwa cha watu saba au wanane. Ni tendo la huruma, na si haki kulikemea kana kwamba ni utovu wa nidhamu tu. Ila kifua kikuu huenea kwa hewa baina ya watu wanaokaa pamoja kwa saa nyingi katika chumba kisichopitisha hewa, na chumba cha namna hiyo usiku, madirisha yakiwa yamefungwa kwa hofu ya mbu au wezi, ndicho hasa mazingira yake. Mwenzao akikohoa kwa wiki mbili, hatua ya maana ni kumpeleka akapimwe. Kumhamisha chumba kimyakimya husambaza tatizo. Homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria nayo hupenda mabweni. Uingereza ilipoanza mwaka 2015 kutoa chanjo ya aina nne za bakteria hao kwa vijana, wanafunzi wapya wa vyuo vikuu walikuwa miongoni mwa walengwa. Mwenye selimundu, ambaye wengu wake kwa kawaida umekwisha kudhoofika tangu utotoni, ana sababu ya ziada ya kumuuliza daktari wake kuhusu chanjo kabla ya kuingia katika maisha ya bweni.

Maji, ngazi na umbali wa hospitali

Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita ugonjwa huu, kila mwaka. Kutokana na huduma bora, wengi zaidi sasa hufika umri wa chuo. Maumivu makali ya ugonjwa huu huchochewa na upungufu wa maji mwilini, baridi, uchovu mkubwa na maambukizi, na vichocheo hivyo vyote vinne hukaa ndani ya suala la malazi.

Chukua mfano wa mwanafunzi aliyepewa chumba ghorofa ya nne. Maji ya bomba yakikatika, kama yanavyokatika mara kwa mara, atapanda ngazi na ndoo ya lita 20 mara mbili kwa siku, au atapunguza kunywa maji ili asilazimike kuyabeba. Yote mawili humsogeza karibu na maumivu. Chumba cha ghorofa ya chini kwake ni sehemu ya tiba, sawa na vidonge vya foliki asidi na haidroksiyurea, na daktari hapaswi kuona haya kuandika hivyo katika barua. Aliyepangiwa chuo Mbeya au Iringa ajiulize kuhusu baridi ya Juni na Julai: je, kuna njia ya kupata maji ya moto ya kuoga? Aliyepangiwa Dar es Salaam hajaepuka baridi pia, kwa maana kumbi za mihadhara zina viyoyozi, na kutoka kwenye jua kali hadi mbele ya kiyoyozi bila koti si jambo dogo kwake.

Umbali wa hospitali upimwe kwa saa ya usiku. Chumba kilicho kilomita tatu kutoka hospitali, ndani ya vichochoro ambavyo gari halipiti na bodaboda hukataa kuingia baada ya saa sita usiku, ni mbali kuliko chumba kilicho kilomita nane kando ya barabara kuu. Homa ya nyuzi joto 38 na kuendelea kwa mwenye selimundu ni dharura; haisubiri alfajiri.

Dawa inayohitaji ubaridi

Mwanafunzi anayetumia insulini huingia chuoni na swali ambalo wenzake hawalijui: jokofu liko wapi? Chupa ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, hudumu takriban wiki nne nje ya jokofu mradi joto halizidi nyuzi 30, na maelekezo ya karatasi iliyomo kwenye boksi ndiyo ya kufuatwa. Tatizo ni kwamba chumba chenye paa la bati lisilo na dari, mwezi wa Januari au Februari katika mji wa pwani, hupita nyuzi 30 kwa urahisi. Hosteli nyingi haziruhusu majokofu vyumbani, na mpangaji wa geto anayechangia umeme wa Luku na wapangaji wengine watano hana uhakika wa umeme wenyewe.

Wengi huomba hifadhi kwenye jokofu la soda dukani. Si vibaya kama hakuna njia nyingine, lakini chupa isigusane na ukuta wa nyuma wenye barafu: insulini iliyoganda imeharibika na haipaswi kutumika hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga wenye unyevu katikati, hupunguza joto vizuri sehemu kavu kama Dodoma. Pwani, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu, msaada wake ni mdogo. Suluhisho lililo bora mara nyingi liko zahanati ya chuo. Mwanafunzi huhifadhi akiba yake huko na kukaa chumbani na chupa moja tu inayotumika. Jambo hili hupangwa kwa mazungumzo ya dakika kumi, ila lazima mtu ayaanzishe.

Chakula nacho ni sehemu ya makazi. Fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, zile wanafunzi wanazoziita bumu, zikichelewa, wenye afya hula mlo mmoja na kusubiri. Aliyekwisha kujidunga dozi yake ya kawaida hawezi kusubiri. Awe na sukari au glukosi karibu na kitanda, na mwenzake wa chumbani ajue kwamba akiwa na fahamu apewe kinywaji chenye sukari, na akiwa amepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni bali alazwe ubavu na kukimbizwa hospitali.

Siri katika chumba cha watu wanne

Hapa ndipo hosteli, iliyosifiwa hapo juu kwa kuwa na mtu wa kusikia, hugeuka kuwa mzigo. Kijana aliyezaliwa na VVU na kutunza siri hiyo kwa miaka 20 hujikuta katika chumba ambacho hata kabati halina kufuli. Chupa ya vidonge hugonga ikitikiswa. Wapo wanaoruka dozi kwa sababu tu wenzao hawajalala. Virusi vilivyokuwa vimefubazwa kwa miaka mingi huanza kuongezeka, na kijana mwenyewe hajisikii mgonjwa hata kidogo.

Mtoa huduma anaweza kusaidia kwa mambo yaonekanayo madogo. Dawa inayotumika sana sasa humezwa mara moja kwa siku, na saa ya kumeza yaweza kuhamishwa kwa ushauri wa kliniki ili iendane na muda ambao chumba huwa kitupu. Pamba safi ndani ya chupa huzuia mlio. Kuhamishia vidonge katika kopo jingine kusifanywe bila kumuuliza mfamasia, kwa kuwa unyevu huviharibu. Kufuli ndogo ya kabati ni kifaa cha tiba. Barua ya uhamisho kwenda kliniki ya tiba na matunzo iliyo karibu na chuo iandikwe kabla ya safari, pamoja na dawa za miezi kadhaa. Na hakuna anayelazimika kumweleza mwenzake hali yake. Kifafa na kisukari vinahitaji shahidi. VVU havihitaji, na watoa huduma wasichanganye mawili haya wanapotoa ushauri wa "kuwa muwazi".

Geto lenye mlango wake humpa mtu faragha anayoitafuta, ila lina hatari zake. Moshi wa mkaa na mafuta ya taa, na ukungu wa kuta zenye unyevu, humsumbua mwenye pumu. Jiko la mkaa lililoingizwa ndani ili kupasha chumba joto, kama ifanyikavyo kwenye mikoa ya baridi, hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, na huua hata mwenye mapafu mazima. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali huchukua cha kwake. Fedha ikishatoka, kuhama ni vigumu. Kwa hiyo chumba kitembelewe mara mbili kabla ya kulipa, mara moja mchana na mara moja usiku. Maji, choo na njia ya gari vitazamwe, na majirani waulizwe eneo hilo huwaje mvua za masika zikinyesha.

Kukaa kwa ndugu huonekana salama kuliko yote, na mara nyingi ni hivyo. Lakini nyumba ya shangazi iliyoko Chanika kwa mwanafunzi anayesoma Mlimani humaanisha kuamka saa kumi alfajiri na kurudi usiku, kisha kusaidia kazi za nyumbani ambazo mgeni hawezi kuzikwepa kwa heshima. Kwa mwenye kifafa, upungufu huo wa usingizi unatosha kurudisha degedege zilizokwisha kutulia. Mzazi ndiye anayefaa kuzungumza na mwenyeji mapema kuhusu kazi na mapumziko, maana kijana akilisema mwenyewe huonekana mvivu.

Barua kabla ya safari

Mkoa nao ni sehemu ya chumba. Kijana aliyekulia Arusha au Kilimanjaro, ambako malaria ni kidogo, akihamia Tabora, Kigoma au Mtwara huwa hana kinga ya kutosha. Chandarua kiwe miongoni mwa vitu vya kwanza kufungashwa. Akienda Dar es Salaam, iliyopata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, ajue kwamba mbu wa ugonjwa huo huuma mchana na huzaliana katika maji yaliyo wazi, pamoja na ndoo anazojaza yeye mwenyewe kwa hofu ya maji kukatika. Azifunike.

Wakati unaofaa kwa haya yote ni mwezi wa Agosti au Septemba, majibu ya udahili yanapoanza kutoka. Barua ya daktari kwa ofisi ya chuo inayosimamia ustawi wa wanafunzi haihitaji kutaja jina la ugonjwa iwapo mgonjwa hataki. Inatosha kuandika kwamba mwenye barua yuko chini ya matibabu ya kudumu na kwamba, kwa sababu za kitabibu, anahitaji chumba cha ghorofa ya chini, au kitanda cha chini, au hifadhi ya dawa kwenye jokofu, au makazi ndani ya eneo la chuo. Iwe na muhuri, tarehe na namba ya simu ya kliniki. Nakala ya pili ibaki na mwanafunzi, pamoja na muhtasari wa dawa na dozi zake, kwa ajili ya daktari asiyemjua atakayempokea usiku wa kwanza wa dharura.